Rukuu, magoti na faili: tuliyojifunza katika rufaa ya ulemavu wa mume wangu

Naandika kwa familia za Waswahili waliovaa sare ya jeshi la Marekani, na zaidi kwa wanawake wenzangu walioolewa na wanajeshi. Mume wangu alitoka jeshini mwaka 2018 akiwa bado kijana, ila mgongo na magoti yake yalikuwa ya mzee. Kudai fidia ya ulemavu kulituingiza kwenye barua, vipimo, kukataliwa na rufaa, na katika yote hayo nimeshika jambo moja ambalo ningependa kila familia ilijue kabla ya kuanza: anayeamua hamjui mumeo. Hatamwona akishuka ngazi asubuhi huku ameegemea ukuta. Mezani kwake pana faili tu, na maumivu ambayo hayakuandikwa humo, kwake hayapo. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuvumilia na kunyamaza, kwa hiyo mafaili ya watu wetu huwa matupu mahali panapouma zaidi.

Sisi ni watu wa Tanga. Tulikuja Ohio kwa ajili ya masomo yake. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilianzisha mpango ulioitwa MAVNI, uliowaruhusu wageni wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, kujiunga na jeshi iwapo ni wataalamu wa tiba au wanazungumza lugha fulani zilizohitajika. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Mpango ule uliacha kupokea watu mwaka 2016, lakini mume wangu alikuwa ameshaingia, 2013. Mafunzo ya awali aliyafanyia Fort Jackson, South Carolina, na alipoyamaliza akala kiapo cha uraia. Lugha ya mama yake ndiyo iliyomfungulia mlango, na jambo hilo linanipa fahari mpaka leo.

Alipangiwa udereva wa malori, na mwaka 2014 akapelekwa Afghanistan. Ukitaja udereva watu hufikiri ni kazi ya kukaa kitako. Lori la jeshi ni refu, na dereva hulipanda na kulishuka siku nzima akiwa na fulana ya kuzuia risasi yenye mabamba, kofia ya chuma, bunduki na risasi. Wengi hawashuki ngazi kwa ngazi. Wanaruka, kwa sababu wana haraka. Magoti ndiyo yanayopokea uzito wote huo. Barabarani kiti kinatikisa uti wa mgongo saa kwa saa, na mzigo hufungwa kwa minyororo inayovutwa kwa nguvu za mikono na kiuno. Siku moja alikuwa juu ya trela anakaza mnyororo, mguu ukateleza, akaanguka kwa kiuno. Mhudumu wa tiba wa kikosi aliandika mistari michache: maumivu ya mgongo wa chini, ibuprofen ya miligramu 800, kazi nyepesi kwa siku kadhaa. Baada ya hapo hakuna kitu tena kuhusu mgongo kwenye kumbukumbu zake za matibabu za jeshini. Maumivu hayakuondoka. Kilichokoma ni maandishi.

Alinyamaza kwa sababu zile zile zinazowanyamazisha askari wengi. Msafara unaondoka alfajiri na gari halina dereva mwingine. Mwenzako atabeba zamu yako. Na kwa mgeni kuna moja ya ziada: hataki asemwe kwamba Mwafrika aliyekuja juzi ameanza kulia mgongo. Wakati wa kuachiwa wanajeshi hujaza fomu ya afya yenye maswali mengi ya ndiyo na hapana, na pale palipouliza kama mgongo unamsumbua mara kwa mara, alitia alama ya hapana. Alitaka kurudi nyumbani.

Madai tuliyapeleka ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuachiwa, na hili lina uzito mkubwa. Anayedai ndani ya mwaka huo, akikubaliwa hata baadaye, fidia huhesabiwa kuanzia siku iliyofuata ile ya kuachiwa. Akichelewa, kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku Idara ya Maveterani, yaani idara ya serikali inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi, ambayo sote huku tunaiita VA, ilipopokea madai. Kwa asiye tayari na makaratasi ipo fomu fupi namba 21-0966 ya kutangaza nia ya kudai. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima wakati unakusanya ushahidi. Aliye bado jeshini anaweza hata kudai kati ya siku 180 na 90 kabla ya kuachiwa. Nawaambia vijana wetu wanaokaribia kutoka: anzeni hapo, mkiwa bado na sare.

Siku ya kipimo cha VA nilimsindikiza. Vipimo hivi mara nyingi hufanywa na madaktari wa mkataba, si hospitali za maveterani. Daktari alimuuliza hali, naye akajibu kama alivyofunzwa na mama yake: nzuri, nashukuru. Sentensi hiyo iliingia kwenye ripoti. Akaambiwa ainame mbele. Akainama kwa kukaza meno mpaka vidole vikakaribia sakafu, akainuka, na daktari akaandika nyuzi 90 kwa kukadiria kwa macho. Hakutoa kifaa cha kupimia pembe, ingawa kanuni za VA zenyewe, kifungu cha 4.46, zinasema kifaa hicho ni cha lazima katika kupima mwendo wa viungo. Hakuuliza habari ya siku mbaya. Goti halikuguswa zaidi ya kukunjwa na kunyooshwa, ila aliandika kwamba lilikuwa linauma likikunjwa. Mstari huo mmoja ulikuja kutusaidia sana.

Nimefikiri sana kuhusu lile jibu la "nzuri, nashukuru". Kwetu mgonjwa aliyelazwa ukimwuliza hali atasema hajambo, kisha ndiyo aanze kueleza, tena ukimwuliza mara ya pili na ya tatu. Daktari wa Marekani hana mara ya pili. Nimewaona wazee wetu hapa Columbus na vijana wetu wa jeshi wakifanya vivyo hivyo, wanaume zaidi ya wanawake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tukiingia chumba cha daktari tunausahau usemi huo na kukumbuka adabu peke yake. Basi nasema wazi: mbele ya mpimaji, ukiulizwa hali, jibu kuhusu kiungo kilichokuleta. Hiyo si kulalamika. Ndiyo kazi uliyoitiwa siku hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuja mwaka 2019. Magoti yalitambuliwa kuwa yametokana na utumishi lakini yakapewa asilimia sifuri ya ulemavu, yaani bila malipo. Mgongo ulikataliwa: hakuna kilichounganisha hali ya sasa na lile tukio la trela. Mume wangu aliiweka barua juu ya friji akasema, "Mke wangu, basi. Tumshukuru Mungu kwa tulicho nacho." Nilimwachia siku kadhaa, kisha nikaishusha, na nilimwambia kwamba kushukuru hakutuzuii kuisoma.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa kujitolea, mkongwe wa Vietnam, mwakilishi wa Disabled American Veterans. Chama hicho kimekuwapo tangu 1920, na huduma yake ya madai ni bure, kama ilivyo ya American Legion na Veterans of Foreign Wars. Yule mzee alitusomesha barua kuanzia nyuma. Alitafuta sehemu inayoorodhesha mambo ambayo mwamuzi ameyakubali kwa faida ya mdai, akaipigia mstari. Humo iliandikwa kwamba mume wangu ana tatizo la mgongo kwa sasa, na kwamba aliumia akiwa kazini mwaka 2014. Mzee akasema, "Haya mawili wamekwisha kukupa, na wakaguzi wanaofuata hawawezi kuyafuta bila kuonyesha kosa lililo wazi kabisa." Dai la ulemavu wa utumishi lina nguzo tatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio la jeshini, na ushahidi unaounganisha viwili hivyo. Tulikuwa na mbili, tumenyimwa moja. Kabla ya hapo sisi tuliona barua ya hapana. Kumbe ilikuwa inatuambia ni kitu gani hasa kinakosekana.

Sheria ya rufaa ilikuwa imebadilika. Bunge lilipitisha mageuzi mwaka 2017 na yakaanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, na tangu hapo aliyekataliwa ana njia tatu. Ya kwanza ni kupeleka madai ya nyongeza kwa fomu 20-0995, ukiwa na ushahidi mpya unaohusika na jambo lililokataliwa. Ya pili ni kuomba mkaguzi wa ngazi ya juu, fomu 20-0996. Huyu hapokei ushahidi mpya, anaangalia faili lile lile kuona kama sheria ilitumika sawasawa, na unaweza kuomba uzungumze naye kwa simu. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa ya Maveterani, fomu 10182, mbele ya jaji. Ukichukua hatua ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, ile tarehe yako ya mwanzo inabaki hai, na unaweza kutoka njia moja kwenda nyingine bila kuipoteza. Watu wengi hawajui pia kwamba kila kiungo kinaweza kwenda njia yake. Mzee wetu aliyatenganisha: magoti yaende kwa mkaguzi, mgongo uende na madai ya nyongeza.

Magoti yalikuwa suala la sheria tupu. Kwa vipimo vya pembe peke yake, goti hupata asilimia 10 likishindwa kukunjika zaidi ya nyuzi 45, na mtu anayeshindwa hapo ni mlemavu wa kuonekana kwa macho. Lakini kifungu cha 4.59 kinasema kiungo kinachouma kikisogea kistahili angalau asilimia ya chini inayolipwa, na daktari alikuwa ameandika kwamba goti linauma. Mkaguzi alipopiga simu, mume wangu alizungumza kidogo tu, mzee akamwelekeza kwenye ukurasa na mstari. Kila goti likapata asilimia 10. Hatukuongeza hata karatasi moja.

Mgongo ndio uliokuwa na kazi. Kwanza tuliomba nakala ya faili zima la madai, na lilipokuja nililisoma usiku baada ya zamu, maana nafanya kazi ya kuhudumia wazee na nimezoea kusoma maandishi ya manesi. Nikaona ni kwa namna gani mume wangu alivyoonekana kwa mtu asiyemjua: kijana aliyeanguka mara moja, akapona, akasema hana tatizo, akainama nyuzi 90. Ningekuwa mimi ni mwamuzi, nami ningeona hivyo.

Ndipo nikaandika ushahidi wangu. Fomu yake ni 21-10210, ya mashahidi wasio madaktari, na mke anaruhusiwa kabisa. Mzee alinipa kanuni moja: usiandike jina la ugonjwa, andika ulichokiona, lini, na mara ngapi. Hilo ndilo ambalo sheria inampa shahidi wa kawaida. Kusema diski ya uti wa mgongo imetoka si kazi yangu. Kusema kwamba baba watoto wangu havai soksi ya kushoto bila kulala kitandani, hilo hakuna daktari anayelijua kunizidi.

Niliandika juu ya swala. Kabla ya kwenda jeshini mume wangu alikuwa akirukuu mgongo umelala sawa, mikono magotini, na kusujudu na kuinuka bila kushika kitu. Aliporudi alianza kurukuu nusu. Baadaye akawa anaswali kwenye kiti, yeye na wazee wenye miaka 70, kwenye safu ya nyuma ya msikiti, na watoto wakamuuliza kwa nini. Nilipokuja kusoma kanuni nilishangaa. Mwinamo wa kawaida wa mgongo, kwa vipimo vya VA, ni nyuzi 90, ambayo ndiyo rukuu iliyonyooka. Mkunjo wa kawaida wa goti ni nyuzi 140, na bila kukaribia hapo huketi vizuri baina ya sijida mbili. Kwa miaka yote ile mtu huyu alikuwa anapimwa mbele yangu mara tano kwa siku, na hakuna aliyeandika. Basi nikaandika: kwamba siku za kawaida anainama kiasi gani akirukuu, na siku maumivu yanapochachamaa anasimama wima na kutikisa kichwa tu, kwamba hali hiyo huja mara kadhaa kwa mwezi, hudumu siku mbili tatu, huletwa na baridi, safari ndefu ya gari au kubeba mtoto, kwamba usiku huo hulala juu ya mkeka sakafuni. Niliandika pia kwamba mguu wa kushoto unakufa ganzi mpaka kwenye kidole gumba, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Hakufurahi. Nilimsomea kabla sijatia sahihi, akanyamaza kisha akasema aibu yake nimeitoa nje. Nikamwambia aibu ni uongo, na humo hamna neno la uongo. Tulikaa na jambo hilo. Mwisho alisema niongeze habari ya ngazi za chini ya nyumba, ambayo mimi nilikuwa nimeisahau.

Hatukutegemea maneno yangu peke yake. Rafiki yake aliyekuwa naye siku ya trela aliandika alichokiona, akataja mwezi na mahali. Msimamizi wake wa ghala anakofanya kazi aliandika siku alizoomba kwenda nyumbani mapema. Tuliweka risiti za mkanda wa kiuno na za dawa alizojinunulia. Mwaka 2006, katika kesi ya Buchanan, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba kukosekana kwa rekodi za matibabu za wakati ule hakutoshi peke yake kumfanya shahidi asiaminiwe. Kwa askari walionyamaza kazini, uamuzi huo ni mlango ulioachwa wazi kwa ajili yao.

Bado ile nguzo ya tatu ilihitaji daktari. Mtaalamu wa mifupa aliyekuwa akimtibu alikuwa na picha za MRI zinazoonyesha diski iliyobonyea na kugusa neva, lakini barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: "huenda maumivu yametokana na jeshi". "Huenda" haina uzito. Kipimo kinachotakiwa ni kwamba uwezekano umefika walau nusu kwa nusu, na daktari aseme kwa nini. Nilimpelekea ile karatasi ya mwaka 2014, maelezo ya rafiki na ya kwangu, nikamwomba kwa heshima ayasome yote kwanza. Barua ya pili ilikuwa na kurasa mbili: alieleza namna anguko kama lile linavyojeruhi diski, jinsi mtikisiko wa magari unavyoendeleza uharibifu, kwa nini kijana asiye na historia nyingine hawezi kupata hali ile kwa uzee, na kwamba maelezo ya familia yanaonyesha maumivu hayakuwahi kukatika. Sababu ndizo zilizobeba barua. Jina la daktari na shahada zake bila sababu havifiki mbali. Na pale ushahidi wa pande mbili unapolingana, sheria inaamuru mdai apewe faida ya shaka, yaani ashinde yeye.

Aliitwa kupimwa upya. Safari hii tuliingia tumejiandaa kusema kweli yote, na nasisitiza kweli. Kutia chumvi ni dhambi, na pia hugeuka: mpimaji anakuona ukishuka garini, ukivua viatu, ukiinama kuokota karatasi, na likipatikana jambo moja lisilolingana, hata yale ya kweli hupoteza nguvu. Mume wangu aliinama mpaka maumivu yalipoanza, akasema, "Hapa ndipo yanapoanzia." Daktari akaweka kifaa, ikasoma nyuzi 70. Akamrudisha mara tatu. Kisha mume wangu akaeleza siku mbaya zikoje, na mpimaji, akiwa na maelezo yangu mezani, akakadiria kwamba siku hizo hafiki zaidi ya nyuzi 50. Haikuwa hisani. Tangu kesi ya DeLuca ya 1995 mahakama zimetaka maumivu na uchovu wa kiungo vihesabiwe, na kesi ya Sharp ya 2017 ilisema mpimaji asikwepe kukadiria hali ya siku mbaya kwa sababu tu mgonjwa hakuja siku hiyo. Aulize, atumie maelezo ya mgonjwa na ya wanaomjua.

Nyuzi 50 zilikuwa na maana kubwa. Mgongo wa chini unaoinama zaidi ya 60 lakini usiovuka 85 hupata asilimia 10. Zaidi ya 30 lakini usiovuka 60 hupata 20. 30 au chini ya hapo hupata 40. Alipewa 20. Ganzi ya mguu ilipimwa peke yake kama tatizo la neva ya siatika, ile inayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, ikapata 10, kwa sababu madhara ya neva yanayotokana na mgongo hayamezwi ndani ya asilimia ya mgongo. Anayesumbuliwa na mgongo na mguu unamwaka moto au kufa ganzi asikubali mguu usahauliwe.

Watu wetu hupigana na VA kuhusu hesabu, kwa hiyo niieleze. Mgongo 20, neva 10, goti 10, goti 10: kila mtu nyumbani alisema 50. VA haijumlishi hivyo. Inaanza na mtu mzima wa 100, inatoa ulemavu mmoja, kisha unaofuata unakatwa kwenye kilichobaki. Magoti mawili na neva ya mguu yakiunganishwa hivyo yanatoa 27. Kwa kuwa yanagusa miguu yote miwili, huongezwa sehemu ya kumi ya hicho, ikawa karibu 30. Ukiunganisha 30 na 20 za mgongo unapata 44, inazungushwa kuwa 40. Bila ile neva pia ingefika 40, na mume wangu aliuliza basi ilikuwa na faida gani. Faida ni kwamba imeshaandikwa: ikizidi, inapanda kutoka pale ilipo, haianzi upya. Kuanzia asilimia 30 pia mke na watoto huongezewa posho. Na kwa kuwa hakuna barua tuliyoiacha ivuke mwaka, malipo yalihesabiwa tangu siku iliyofuata kuachiwa kwake.

Neno kuhusu madalali, maana wanazunguka misikitini, makanisani na kwenye harusi zetu. Wanaahidi asilimia 100 na kudai wapewe malipo ya miezi kadhaa ya fidia. Sheria hairuhusu mtu kutoza kwa kuandaa madai ya kwanza. Mwanasheria au wakala mwenye kibali cha VA anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, na ada ya hadi asilimia 20 ya malipo ya nyuma ndiyo inayochukuliwa kuwa ya haki. Mwulize kibali chake, kisha mtafute kwenye orodha ya VA wewe mwenyewe. Asipokuwamo, mwache.

Sasa tuna nyonga ya kulia. Kwa miaka amekuwa akitembea kwa kuukwepa mguu wa kushoto, na nyonga ikaanza kulika. Ugonjwa uliozaliwa na ugonjwa uliokwisha kutambuliwa nao hulipwa, hata kama jeshini nyonga haikuguswa. Dai hilo limekataliwa kwa mara ya kwanza, na tumelipeleka Bodi kwa njia inayotoa siku 90 za kuongeza ushahidi baada ya Bodi kupokea rufaa. Mtaalamu wake wa fiziotherapia anaandika kuhusu mwendo wake wa kutembea, mimi naandika fomu nyingine ya 21-10210, na safari hii mume wangu amekaa karibu nami ananiambia mwenyewe mahali panapouma. Bodi ikikataa, kuna siku 120 za kwenda Mahakama ya Rufaa ya Madai ya Maveterani, na tarehe hiyo tutaiandika kwenye kalenda ya jikoni siku ile ile barua itakapofika.